Mama amebakiza muda gani, na kwa nini daktari anazunguka mbuyu?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Mwezi uliopita utumbo uliziba akafanyiwa oparesheni ya haraka, majibu yakatoka kansa ya utumbo mpana, na skani inaonyesha imeshafika kwenye ini, vivimbe kadhaa. Ameanza kemo, dozi kila baada ya wiki mbili. Daktari wake ni mtu mzuri lakini kila nikimuuliza mama amebakiza muda gani anazunguka mbuyu, mara "kila mtu na mwili wake", mara "tuone dawa itakavyofanya kazi". Mjomba anasema mama asiambiwe kitu maana atakata tamaa afe kabla ya siku zake. Juzi namsaidia kuvaa akaniuliza, "mwanangu, hii dawa itaniponya?" nikamjibu ndiyo mama. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, daktari anatuficha? Nimwambie mama ukweli au ninyamaze? Na harusi ya mdogo wangu iko miezi nane mbele, tuisogeze?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeuliza maswali kadhaa ila ukiyakung'uta yote yanadondosha kitu kimoja, muda. Ngoja nianze na la daktari kwa sababu hao ni wenzangu, nawajua.

Sidhani kama anawaficha. Kuna watu wanaamini sisi wa kansa tuna tarehe mahali kwenye faili, imeandikwa kwa penseli, tunaifunika na kiganja mgonjwa asione. Hakuna tarehe. Na tukilazimishwa kukisia tunakisia vibaya, hilo limepimwa kabisa. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti waliofanya Chicago, waliwaomba madaktari 343 wakadirie wagonjwa wao 468 waliokuwa wanaingizwa hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio mwishoni, wataishi muda gani, halafu wakasubiri waone. Waliopatia walikuwa asilimia 20. Asilimia 63 walikadiria muda mrefu kuliko uliokuwepo, na ukichukua jumla makadirio yalikuwa kama mara tano ya muda halisi. Sasa kinachonichekesha, kama kucheka kunaruhusiwa hapa, ni kwamba daktari aliyemjua mgonjwa wake kwa muda mrefu ndiye aliyezidi kukosea. Yaani ukishamzoea mtu, ukishajua majina ya wajukuu zake, hesabu inaharibika. Kwa hiyo daktari wa mama anapokumbuka ghafla kwamba kuna kitu cha kuandika kwenye kompyuta kila ukimuuliza, sio lazima awe na siri, inawezekana anaogopa kukupa namba ambayo anajua itakuwa ya uongo, na wewe ukaenda kuiganda kama imetoka mbinguni.

Lakini kutojua tarehe sio kutojua chochote, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. "Kila mtu na mwili wake" ni kweli na haimsaidii mtu. Kuna namna ya kulijibu swali lako kiungwana bila kudanganya.

Sisi tunafanya kazi na namba inayoitwa wastani wa kati, yaani ule muda ambao nusu ya wagonjwa wameshafariki na nusu bado wapo. Watu wakiusikia wanaufanya tarehe ya mwisho wa matumizi. Stephen Jay Gould, yule mwanasayansi wa Marekani wa mambo ya mageuzi ya viumbe, mwaka 1982 aligundulika na kansa ya utando wa tumbo, akasoma kwamba wastani wa kati wa ugonjwa wake ni miezi 8. Mtu mwingine angeanza kugawa vitu. Yeye kwa vile namba ilikuwa kazi yake akajiuliza, hiyo nusu ya pili inaendelea mpaka wapi? Ikawa inaenda mbali sana, akaishi miaka 20, akafa mwaka 2002 kwa kansa nyingine kabisa. Simleti Gould ili useme mama naye atapata miaka 20, maana huo ndio mchezo wa kila mtu, kila ukoo una shangazi aliyepewa miezi mitatu na mpaka leo anapiga kelele. Namleta kwa sababu ya hilo swali lake tu.

Watafiti wa Australia walitutengenezea hesabu nyepesi ya kutumia na hiyo namba, nami naipenda kwa sababu hata mimi naiweza. Chukua wastani wa kati. Nusu ya wagonjwa wataangukia mahali kati ya nusu yake na mara mbili yake. Kama mmoja kati ya kumi ataishi moja ya sita yake au chini, na kama mmoja kati ya kumi atafika mara tatu yake au zaidi. Kwa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa, kwenye majaribio ya tiba ya miaka ya karibuni, wastani wa kati unacheza kwenye miaka miwili mpaka miwili na nusu kwa wanaopata tiba kamili. Wanaoingizwa kwenye majaribio huwa ni wale wenye nguvu kidogo, na mama alianza kwa utumbo kuziba ambayo sio dalili nzuri, kwa hiyo tuchukue miezi 24 bila kuipamba. Maana yake, kwa watu walio kama mama, nusu wataishi kati ya mwaka mmoja na miaka minne, mmoja kati ya kumi hatavuka miezi minne, na mmoja kati ya kumi atafika miaka sita au zaidi. Hiyo ndio sentensi ambayo ningependa daktari wake akuambie kwa mdomo wake, akiwa amekaa chini, akiirekebisha kwa anayoyajua yeye kwenye faili mimi siyajui. Usimuulize tena "amebakiza muda gani". Muulize hivi: kwa mtu kama mama, mambo yakienda vibaya ni muda gani, yakienda kawaida ni muda gani, yakienda vizuri ni muda gani? Utashangaa ulimi unavyofunguka.

Kuna na kipimo kingine cha nyumbani, hakihitaji mashine. Mwangalie mama anafanya nini mchana. Anaoga mwenyewe? Anatoka nje? Zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani au yuko kwenye miguu yake? Sisi tuna skeli ya kuanzia 0 mpaka 5 kwa ajili ya hilo tu, sifuri ni mtu mzima wa afya na tano usiulize, na mara nyingi inatuambia mengi kuliko picha ya skani. Halafu angalia kasi. Kama hali inabadilika mwezi kwa mwezi, tunazungumzia miezi. Ikianza kubadilika wiki kwa wiki, tunazungumzia wiki. Siku kwa siku, basi waiteni watu. Ila angalizo, hii haifanyi kazi wiki ya kemo, wiki hiyo kila mtu anaonekana anaaga.

Sasa twende kwenye swali la mama mwenyewe, kama dawa itamponya. Inabidi nikueleze ugonjwa wenyewe kidogo. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja, inapita kwanza kwenye ini kupitia mshipa mmoja mkubwa, ini linachambua chakula na sumu ndipo linairuhusu iendelee. Kwa hiyo seli ya kansa ikichoropoka kwenye utumbo ikaingia kwenye damu, kituo chake cha kwanza ni ini. Ndio maana imefika huko. Mama hana kansa mbili, wala hana "kansa ya ini", ana kansa ya utumbo iliyohamia, na ndio maana anapewa dawa za utumbo, usishangae.

Kemo inapiga seli zinazogawanyika kwa haraka. Haina macho, kwa hiyo inapiga kansa, inapiga na utando wa mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu, ndipo unapata vidonda vya mdomoni, kuharisha na chembe nyeupe za damu kushuka. Seli za kawaida zinajirekebisha ndani ya siku kadhaa, za kansa zinachelewa, na ndio sababu ya zile wiki mbili katikati. Tatizo ni kwamba kivimbe cha sentimita moja tu kinakadiriwa kuwa na seli kama bilioni moja, na kwenye bilioni moja hawakosekani wachache ambao dawa haiwadhuru. Wengi wanakufa, skani inapendeza, familia inashangilia, na wale wachache wanaendelea kuzaana taratibu. Ndio maana kwa steji ya nne, yaani kansa iliyosambaa kama ya mama, mara nyingi kemo inaushika ugonjwa, inaurudisha nyuma, inaupunguzia mwendo, ila peke yake haiuondoi wote.

Mara nyingi, sijasema mara zote. Kuna mambo mawili uende nayo kliniki. La kwanza, je vivimbe vya kwenye ini vinaweza kukatwa, sasa hivi au baada ya kemo kuvipunguza? Ini ni kiungo cha ajabu, ukikata sehemu kubwa ya ini lenye afya linaota tena, na wako watu waliokatwa vivimbe hivyo wakafika miaka 10 bila ugonjwa kurudi. Sio wengi, inategemea viko vingapi na vimekaa wapi, na lazima aangalie daktari wa upasuaji wa ini, sio mimi wala wewe wala jirani. La pili, kile kinyama walichokata kimepimwa vinasaba? Karibu 5 kati ya 100 ya kansa hizi zilizosambaa zina kasoro fulani ya kurekebisha DNA, na hao wanaweza kunufaika vizuri mno na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Ni wachache, lakini ni kosa kubwa kuwa mmoja wao na usijue.

Haya, mjomba. Mjomba hana ubaya na wala hayuko peke yake. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja Chicago waliulizwa, na karibu asilimia 90 walisema hawapendi kumwambia mgonjwa kwamba ana kansa. Madaktari! Mwaka 1979 swali likarudiwa hospitali nyingine hukohuko Marekani, asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia. Ndani ya miaka 18 taaluma nzima iligeuza shingo. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni kwamba dawa zilikuja, na huwezi kumtundikia mtu dripu ya saa mbili ukamwambia ni vitamini.

Kwamba ukimwambia atakufa haraka, sijaliona hilo, na nimewaambia watu wengi. Wanalia, wananyamaza, wengine wananikasirikia mimi kana kwamba kansa nimeileta kwenye mkoba, na kesho yake wanauliza dozi inayofuata ni lini. Ninachokiona sana ni mgonjwa ambaye anajua, na familia inayojua, na kila mmoja anamwigizia mwenzake. Mama yako ametolewa kipande cha utumbo, ana kovu la tumbo zima, anakaa kwenye chumba cha kemo na watu wengine wanaozungumza. Unadhani hajui? Anaposema "mwanangu, itaniponya?" mara nyingine sio swali la dawa, anapima kama wewe ni mtu wa kuzungumza naye.

Na hata uongo wa upole una bei yake. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyowauliza wagonjwa karibu 1,200 Marekani wenye kansa ya mapafu au ya utumbo iliyosambaa, wote walikuwa wamepewa kemo, na kwenye kansa ya utumbo asilimia 81 hawakuonyesha kuelewa kwamba hiyo kemo haielekei kuwaponya. Halafu waliokuwa na matumaini ya uongo ndio waliowapa madaktari wao maksi za juu kwa kuwasiliana vizuri. Mimi hiyo huwa naikumbuka kila mgonjwa akinisifia kwamba naongea vizuri. Mtu asiyejua hawezi kuamua, atakubali dozi ya nne na ya tano zinazomlaza wiki nzima kwa kuamini ananunua kupona, kumbe angeambiwa angechagua kingine. Au angechagua hizohizo, lakini ni yeye.

Kuna mzee mmoja nilikuwa namtibu, kila akija analeta hoja za pembeni, siku moja akavua miwani yake, kioo cha kushoto kina ufa na mkono mmoja umefungwa na plasta ya hospitali, akaiweka mezani akaniuliza, "Daktari, hii niitengeneze au nivumilie tu?" Nikaanza kumwelekeza kwa watu wa macho, nesi akanikanyaga mguu. Hakuwa anauliza miwani. Nikamwambia atengeneze, lakini aombe iwe tayari wiki hiyohiyo. Akacheka mpaka akakohoa, ndipo tukaanza kuzungumza. Watu wanauliza kwa njia zao, wewe sikiliza miwani.

Kwa hiyo na mama usiingie na hotuba. Anza kwa kumuuliza, "Mama, daktari amekuelezaje huu ugonjwa?" halafu nyamaza, kunyamaza ndio kazi ngumu. Kisha, "Ungependa kujua yote au mengine tuyabebe sisi?" Akisema yabebeni, basi, hiyo ni haki yake na wala usimlazimishe ukweli, wako watu hawataki namba na wanaishi vizuri bila namba. Uamuzi ni wake, sio wa mjomba. Akitaka kujua, rekebisha ulichosema bila kujichapa viboko: "Mama, siku ile nilikujibu harakaharaka. Daktari anasema dawa inaushika ugonjwa usikimbie, ila mara nyingi haiumalizi wote. Tutakuwa na wewe." Akilia mwache alie, usimpe maji wala tishu haraka, ile tishu huwa tunampa mtu ili anyamaze. Ukiona huwezi, mpeleke kwa daktari wake na umwambie daktari kabla kwamba mama anataka kuzungumza, akae naye wewe ukiwepo.

Ombeni pia watu wa tiba shufaa, yaani wale wa kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, na muombe sasa sio baadaye. Wengi wakisikia hilo jina wanaona wameshatupwa. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Boston wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa, nusu walipewa tiba ya kawaida na nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa walikuwa na ahueni zaidi, walikuwa na sonona kidogo, wengi wao hawakubanwa na tiba nzito mwishoni, na wakaishi wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ingekuwa ni kidonge kimefanya hivyo kingetangazwa kila kona. Na mofini, kwa kuwa lazima mtu atakutisha nayo, ikitolewa kwa kipimo sahihi haimfupishii mtu maisha wala haimfanyi teja, inaondoa maumivu na inaleta choo kigumu, kwa hiyo dai na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Sukari? Hailishi kansa peke yake, seli zote zinakula sukari, ukimnyima mama chakula unamkondesha mama tu, ale anachokiweza.

Yapo ya kumkimbiza hospitali bila kusubiri kliniki, hata iwe saa nane usiku. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, hapo chembe nyeupe ziko chini na maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache, usimpe panadoli ukalala. Tumbo kujaa na kutapika bila kupata choo wala hewa. Kuharisha kusikoisha. Macho kuwa ya njano. Mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika ghafla, manake kansa inapenda kugandisha damu. Nunueni kipimajoto leo.

Na wewe. Usingizi ukigoma wiki kadhaa mfululizo nenda ukaonwe, mtu anayeuguza naye ni mgonjwa ila hana faili. Halafu wewe na ndugu zako wa tumbo moja mkifika miaka 40 mpimwe utumbo kwa kamera, kwa sababu mama aligundulika kabla ya 60, na mkapime mapema mkiona damu kwenye choo, au ikijulikana kwamba kansa ya mama ni ya kurithi. Sio jambo la leo, liandike tu.

Harusi, isogezeni iwe mapema zaidi. Rudi kwenye hesabu yangu, miezi nane iko kati ya ile minne na ule mwaka mmoja, uwezekano mkubwa mama atakuwepo, ila kuwepo na kucheza ni vitu viwili. Ningeiweka miezi mitatu hivi kuanzia sasa, skani ya kwanza itakuwa imeshafanyika na kovu limepona. Mwambieni daktari tarehe mapema, dozi kusogezwa wiki moja kwa ajili ya shughuli ni jambo la kawaida sana na mimi sijawahi kumkatalia mtu. Chagueni siku za mwisho kabla ya dozi inayofuata, hapo ndio anakuwa na nguvu zake. Kama kwenye mchanganyiko wake wa kemo kuna dawa ya oksaliplatini, asipewe kinywaji cha baridi kama dozi imetoka kupita, koo na vidole vitamchoma kama sindano. Wekeni kiti chenye mgongo karibu na mlango, na mtu mmoja awe na gari tayari ili akichoka aondoke bila kumuaga kila mtu, na mjomba apewe kazi nyingi siku hiyo.